Ukuta wa Mgeni

Rangi nyeupe ilikuwa tayari, lakini Bi Funguo aliendelea kuikoroga. Aliizungusha kwa kijiti taratibu, ndoo ikiwa katikati ya magoti yake, mpaka ikawa laini haina hata donge moja, na bado akazungusha. Kuna kazi ambazo mtu huzifanya akiomba zisiishe.

Ilikuwa siku ya kupaka ukuta. Shule ilikuwa imefungwa jana yake, wanafunzi wamekwenda makwao na masanduku yao, na majengo yote yalikuwa na ule ukimya wa shule isiyo na watoto, ukimya unaochosha masikio kuliko kelele zao. Ndani ya jumba la sanaa hapakuwa na mtu ila yeye, ndoo, ngazi na ukuta.

Jumba lenyewe zamani lilikuwa bwalo la chakula. Shule ilipojenga bwalo jipya, mwalimu wa sanaa wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu na kukaa nyumbani na redio yake, akaliomba lile kuukuu alifanye makumbusho. Watu walimcheka. Makumbusho ndani ya shule? Ya kuweka nini, madaftari yaliyoliwa na panya? Naye akawajibu jibu lililogeuka kuwa sheria: "Wasanii waliokufa wana makumbusho mengi. Hapa petu patakuwa pa walio hai, wasifiwe wakiwa bado wanasikia."

Basi kila mwaka shule ilimwalika msanii mmoja, awe na jina au asiwe nalo. Alipewa chumba cha juu, chakula cha jikoni, rangi za kumtosha, na ukuta mkubwa wa upande wa mashariki. Wanafunzi walimtembelea kila wiki wakamuuliza maswali ambayo watu wazima huona haya kuyauliza. Kazi zake ndogondogo zilitundikwa katika vyumba vya pembeni pamoja na za waliomtangulia, zikabaki huko. Ukuta tu ndio uliokuwa wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mgeni hupanda ngazi akapaka nyeupe juu ya kazi yake kwa mkono wake mwenyewe, ili ajaye naye apate pa kuanzia. Mtunza jumba humshikia ngazi.

Na mtunza jumba, tangu siku ya kwanza, alikuwa Bi Funguo. Wote aliwashikia ngazi. Wapo waliolia, yupo aliyetukana, na yupo bwana mmoja mzima na ndevu zake aliyezimia akadakwa na wapishi. Yeye hakuwahi kutoa chozi. Kazi ni kazi, alikuwa akisema. Leo kazi ilikuwa imemshinda kabla haijaanza.

Jina la Bi Funguo alipewa na wanafunzi, kwa lile shada la funguo lililolia kiunoni mwake kabla mwenyewe hajatokea. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki wakiwa hawajajaliwa mtoto, na watu walipotazamia arudi kwao, yeye akabaki na mama mkwe wake, kwa kuwa mama yule alikuwa na mtoto mmoja tu na ndiye huyo waliyemzika. Wanawake wawili wakaishi nyumba moja wakiheshimiana kupita kiasi. Walipikiana, walifuliana, walijuliana hali asubuhi na jioni, na kila mmoja alikula kwa wakati wake.

Ndipo akaja mgeni wa mwaka huu. Huyu hakungoja kualikwa, alikuja mwenyewe kuomba, kwa miguu yake, na begi moja tu. Simu hakuwa nayo. Alisema simu humla mtu macho, naye macho ndiyo shamba lake. Tangu ujana alikuwa akichora mabango ya vinyozi, kuta za hoteli ambazo baadaye zilibomolewa, milango ya maduka yaliyofilisika. Wanafunzi wakamwita Mjomba Rangi, wakawa wanapigania kumwoshea brashi.

Sasa sheria nyingine ya jumba ni hii: mgeni akianza kazi, ukuta hufungiwa pazia, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia mpaka siku ya uzinduzi. Bi Funguo, mwenye funguo za kila mlango, hakuchungulia hata mara moja. Aliweka kiti chake upande huu wa pazia, Mjomba Rangi akiwa juu ya ngazi upande ule, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Wasioonana husemezana mengi.

"Bi Funguo, upo?"

"Nipo. Kwani nina pa kwenda?"

"Leo umevaa nini?"

"Chora kazi yako, bwana wewe. Nguo zangu haziko kwenye bajeti ya shule."

"Nataka tu kujua kama ni ile ya kijani."

Bi Funguo akajitazama. "Ni ile ya kijani."

"Nilijua," sauti ikasema, na brashi ikaendelea kusugua.

Walipendana lini, wenyewe hawajui, na asiyejua mwenyewe nani atamwambia? Ila wapishi walikuwa wameshajua, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Siku moja kabla ya uzinduzi, sauti ya nyuma ya pazia ilisema, "Kesho, watu wakishatawanyika, nina jambo la kukuuliza." Bi Funguo alirudi nyumbani jioni ile akiwa mwepesi, akajikuta anaimba akianua nguo kambani.

Kesho yake pazia likavutwa.

Ukutani palikuwa na meza ndefu, kutoka pembe mpaka pembe, kana kwamba bwalo la zamani limerudi. Shule nzima ilikuwa imekaa kula: wapishi na aproni zao, mlinzi na tochi yake mchana kweupe, Mkuu wa shule miwani ikimtelezea puani, wanafunzi wakigombea mkate. Wote wanacheka. Mwisho kabisa wa meza alikaa mwanamke mwenye gauni la kijani, ambaye amewapa wote mgongo, anakula peke yake akitazama dirisha. Funguo kiunoni. Ukiutazama mgongo ule, ungejua kwamba mwenyewe hajaguswa na mkono wa mtu kwa miaka mingi.

"Jamani! Si Bi Funguo yule!" mpishi mkuu alipaza sauti.

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, na hapo ndipo palipouma zaidi. Mama mkwe, aliyealikwa akakalishwa mstari wa mbele, aliinuka, akajitanda mtandio vizuri, akatoka bila kumuaga mtu. Wanafunzi wakambeba Mjomba Rangi mabegani wakamzungusha ukumbi mzima kwa shangwe, kama wanavyowafanyia wageni wote, naye akiwa juu huko alikuwa akimtafuta mtu mmoja kwa macho. Mtu huyo alikuwa amejifungia stoo.

Kesho yake shangazi wa marehemu mumewe alifika nyumbani, akaketi sebuleni akasema yake yote. Mjane wa ukoo kachorwa kama yatima, watu watadhani ananyimwa chakula, na huyo mchoraji asiye na hata kitanda ana nia gani naye? Mama mkwe hakujibu neno. Kimya kile Bi Funguo alikitafsiri mwenyewe. Tangu hapo hakuzungumza na Mjomba Rangi ila la kazi, na wala hakumpa nafasi ya kuuliza alilotaka kuuliza.

Sasa, siku hii ya kupaka ukuta, mlango wa jumba ulisukumwa. Hakugeuka, hatua zile alizijua.

"Umeamkaje, Bi Funguo?"

"Salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Rangi ikikorogwa sana inatoa povu."

"Nimekoroga rangi hapa kabla hujajua kwamba kuna shule hapa," alijibu, lakini akaacha kukoroga.

Mjomba Rangi alikuwa amevaa shati safi, la safari. Lile begi lake moja alikuwa ameliegemeza mlangoni. Bi Funguo aliliona.

"Basi lako la saa ngapi?"

"La mchana."

"Haya, tuanze."

"Hatuanzi," alisema yule mwanamume. "Sipandi ngazi iliyoshikwa na mtu ambaye hajanitazama usoni tangu siku ya uzinduzi. Nitaanguka."

"Nimewashikia wengi, hakuna aliyeanguka."

"Hao hawakuwa wamekukosea."

Hapo akamtazama. Uso ule ulikuwa umekonda. Akajilaumu kwa kuliona hilo, akajilaumu zaidi kwa kutaka kumuuliza kama anakula.

"Kwa hiyo unajua kama umenikosea."

"Najua umekasirika. Kosa lenyewe hujaniambia."

"Nikuambie?" Aliinuka, funguo zikalia. "Hebu nikuulize, wewe mwenye macho makali. Mtu akijitenga chumba cha pembeni, akaelekea dirishani, akala peke yake kila siku, unadhani ni kwa sababu anaipenda sana ile bustani? Amejificha! Na mtu aliyejificha huachwa alipojificha. Wewe ukamtoa, ukamweka ukutani mkubwa kuliko alivyo, watoto wakaja wakakaa chini yake na kalamu za rangi. Kila wiki mimi ndiye ninayewafungulia mlango! Mwalimu mmoja akawauliza, 'Mnadhani mama huyu anajisikiaje?' Nami nimesimama palepale!"

"Walijibu nini?"

"Walinyamaza. Wakanitazama. Afadhali wangecheka."

Mjomba Rangi aliinamisha kichwa. "Nilichora nilichokiona."

"Sawa, macho hayana pazia. Na mdomo je? Miezi yote ile tulikuwa tunasemezana, ulishindwa kusema, 'Bi Funguo, nikuchore?'"

"Ungejibu nini?"

"Ningekataa!"

"Ndiyo maana sikuuliza."

Walitazamana. Mjomba Rangi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyasikia maneno yake mwenyewe yalivyo mabaya.

"Niliogopa jibu lako, nikajijibu mwenyewe," alisema polepole. "Si uungwana. Nilidhani nakutukuza. Nilijiambia, humu wanasifiwa wasanii kila mwaka, na huyu anayewafungulia milango hakuna aliyewahi kumtazama. Lakini kukutazama ni kitu kingine na kukuonyesha kwa watu ni kitu kingine. Nisamehe, Bi Funguo. Nimekosa."

Hakuwa amejiandaa kuombwa msamaha. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maneno yake yote makali ameyapanga tangu alfajiri, na sasa yakakosa pa kwenda. Aliketi juu ya ndoo nyingine iliyofunikwa, akajipangusa macho kwa kiganja.

"Hodi, hodi humo ndani!"

Alikuwa Mkuu wa shule, mwanamke mnene mwenye haraka siku zote, miwani ikimtelezea puani vilevile kama ukutani. Alipouona ukuta bado mzima, alishika kifua.

"Mungu ni mkubwa, hamjaanza! Sikilizeni. Bodi imekaa. Wazazi wanautaka ukuta huu, walimu wanautaka. Toka jumba hili lifunguliwe hakuna kazi iliyowagusa watu hivi. Wamekubaliana tujenge ukuta mwingine wa wageni kule nyuma, na huu ubaki moja kwa moja. Tutauwekea kibao chenye jina lako, Mjomba."

Mjomba Rangi alikalia kidaraja cha chini cha ngazi.

"Na sheria ya mwalimu?" Bi Funguo aliuliza.

"Nimempigia simu mzee mwenyewe. Nikadhani atang'aka. Alinyamaza weee, kisha akasema, 'Muulizeni mwenye mgongo.' Akakata." Mkuu alipandisha miwani. "Kwa hiyo, Bi Funguo, neno ni lako. Ukisema ubaki, unabaki. Ukisema ufutwe, hakuna wa kukulaumu." Akamgeukia mchoraji. "Na ile nafasi ya mwalimu wa sanaa niliyokupa? Ulisema leo utanijibu."

"Nitakujibu, Mkuu. Kuna jibu nalingoja kwanza."

"Jibu la nani tena?"

Mkuu akamtazama huyu, akamtazama yule, na kwa kuwa hakuwa mtoto, akaelewa. "Aa. Mimi nipo ofisini, nina kazi nyingi sana," alisema, na wote walijua kwamba shule imefungwa na ofisini hakuna kazi hata ya kusingizia.

Hatua zake zilipopotea, Bi Funguo alisema, "Kibao chenye jina lako. Hujawahi kuwa nacho."

"Sijawahi kuwa na kazi iliyomaliza mvua mbili."

Alilijua hilo. Aliyasikia yote nyuma ya pazia: ile hoteli aliyoichora ngazi zote kisha tingatinga likaja, yule kinyozi aliyegeuza bango lake kuwa mlango wa banda la kuku. Alimwangalia mikono, ilivyokaa juu ya magoti ikiwa imefumbatana, na akaona kwamba anachoombwa ni kidogo kuliko anavyompenda. Maana alimpenda. Alimpenda mpaka akajionea haya.

"Ubaki," alisema. "Ukuta ubaki. Nimekubali."

"Nawe utakaa chini yake kila siku?"

"Nitazoea. Mtu huzoea."

"Umezoea mengi mno, Bi Funguo." Aliinuka, akaja akasimama mbele yake, si karibu sana. "Siku ile nilisema kuna jambo nitakuuliza. Leo nauliza. Nikiichukua kazi ya Mkuu, nikapanga chumba hapa jirani, nikaja kwa mama na shati hili hili, nikabisha hodi kwa adabu zangu zote, utanifungulia mlango?"

Jibu lilikuwa pale pale ulimini. Lilikuwa neno moja tu, na alikuwa amelibeba tangu siku ile aliyoimba akianua nguo. Alifungua kinywa, na badala ya neno lile akamwona mama mkwe akijitanda mtandio mstari wa mbele na kutoka.

"Mama hatakubali."

"Sijamuuliza mama. Nimekuuliza wewe."

"Mimi na mama hatutengani. Alikuwa na mtoto mmoja. Kilichobaki cha mtoto yule ni mimi. Nikamwambie nini, kwamba nimepata mwingine? Ulimwona alivyotoka. Tangu siku ile hajakutaja, hajautaja ukuta. Shangazi kasema maneno yote mabaya mbele yake, naye kimya. Kimya cha mama nakijua."

"Umemuuliza?"

"Namjua."

"Bi Funguo. Umemuuliza?"

"Nimekwambia namjua! Anayekaa naye nyumba moja ni mimi, si wewe! Nikimtajia habari hii nitamuua."

"Basi niache niende nikamuulize mimi. Akinifukuza, nimefukuzwa."

"Usithubutu. Kama kweli unanipenda, usiende nyumbani kwetu."

Mjomba Rangi alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama kitu anachotaka kukichora baadaye. Kisha akakunja mikono ya shati lake safi, akachovya brashi pana katika ndoo.

"Unafanya nini? Si nimesema ubaki!"

"Ukuta mmoja, mwaka mmoja."

"Na kibao? Na jina lako?"

"Nitakwendaje zangu nikijua kwamba kila asubuhi unafungua mlango unakutana na mgongo wako? Nilikutoa ulipojificha bila ruhusa. Acha nikurudishe." Alipanda ngazi. "Shika, tafadhali."

Akashika. Angefanya nini? Ndiyo kazi yake.

Alianza upande wa kushoto. Mlinzi akaondoka na tochi yake. Wanafunzi waliogombea mkate wakaondoka mmoja mmoja, na mkate wenyewe. Mpishi mkuu alikawia kufutika kwa sababu ya kicheko chake kikubwa chenye meno mengi. Miwani ya Mkuu ilitoweka. Meza ikawa fupi, ikawa fupi zaidi, na matone meupe yakamdondokea Bi Funguo mikononi na nyweleni asiyapanguse. Alikuwa akihesabu moyoni watu waliobaki mezani, na kila aliyefutwa aliona ni kama yeye mwenyewe ndiye aliyemfuta, kwa kuogopa kwake.

Mwishowe pakabaki mwanamke mmoja wa kijani, anakula, hana meza wala wenzake.

Mjomba Rangi akashuka, akampa brashi. "Hapa si pangu. Hapa ni pako."

Aliipokea. Alianza na dirisha. Akapaka nywele, akapaka shingo, akapaka funguo. Alipofika kwenye gauni, kijani kikakataa. Kilitokeza chini ya nyeupe, hafifu lakini kipo.

"Rudia," alisema yule mwanamume nyuma yake, kwa sauti ndogo.

Akarudia. Kikatokeza tena. Akarudia mara nyingine, kwa nguvu, machozi yakimtiririka bila kificho sasa, mbele ya msanii wa kwanza aliyemliza, mpaka ukuta ukawa mweupe wote, tena mtupu kama ukuta wa hospitali.

Waliosha mikono nje kwenye bomba. Maji yalitoka kidogo kidogo, ikabidi wapokezane, huyu akinawa yule akingoja. Mikono yao haikugusana. Mjomba Rangi akateremsha mikono ya shati, ambalo sasa lilikuwa na madoa, akatupia begi begani.

"Umenilea vizuri hapa," alisema. "Rangi, chakula, watoto. Hakuna mahali nimewahi kupokewa hivi. Mwambie Mkuu nimeshukuru, na kwamba jibu langu ni hapana."

"Nitamwambia."

"Kwaheri, Bi Funguo."

"Kwaheri. Safari njema."

Alitembea kuelekea getini kwa hatua fupi. Njiani alisimama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Getini alisimama tena. Hata mpita njia angejua kwamba mtu yule anangoja aitwe. Bi Funguo alisimama mlangoni mwa jumba, ameshika shada la funguo, na alipoinua mkono ili amwite, getini hapakuwa na mtu.

Alibaki jumbani muda mrefu bila sababu. Alifagia pasipo na taka. Aliposikia basi la mchana likipiga honi barabarani alisimama na ufagio mpaka mlio ulipokwisha, kisha akafunga madirisha, akafunga mlango, akaenda nyumbani.

Harufu ya chakula aliisikia tangu kwenye kona ya njia. Ajabu, maana saa zile mama mkwe huwa ameshakula na kujilaza. Ndani sakafu ilikuwa imepigwa deki. Kitambaa cha meza kilikuwa kile cha wageni. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kuchana nywele, na juu ya meza palikuwa na sahani tatu.

"Karibuni, wanangu. Mmechelewa, mchuzi umepoa," alisema yule mama, akanyoosha shingo kutazama nyuma ya bega la mkwewe. Kisha akamtazama yeye. "Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Aliyekuchora. Mkuu wenu alipita hapa jana kunijulia hali, akaniambia amempa kazi ya kufundisha. Nikasema, basi leo utakuja naye. Mtu anayetaka kukaa mahali si huja kujitambulisha? Nimepika tangu asubuhi."

Bi Funguo aliegemea mlango. "Mama, siku ile ulitoka kwa hasira."

"Nilitoka kwa aibu." Mama mkwe alilainisha kitambaa cha meza kisicho na kunyanzi. "Ni nani aliyemwacha mtoto wa watu ale peke yake miaka yote hii, kama si mimi? Nilikuwa nakuona jikoni umeinamia sahani, nikasema, mwache, anamlilia mumewe, nisimwingilie. Kumbe mtu wa kupita tu ameuona mgongo wako, mimi ninayelala chumba cha pili sijauona. Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Tangu siku ile natafuta maneno ya kukuambia, na kila nikiyapata wewe umeshaenda kulala."

"Shangazi alisema..."

"Shangazi ana mdomo wake. Mimi nimezika, nawe umezika, hakuna wa kutufundisha. Mwanangu angekuwepo asingependa uishi hivi. Haya, mwite kijana wa watu, anaona haya nini huko nje?"

"Hayupo nje, mama. Ameondoka na basi la mchana. Alitaka kuja kwako. Nilimkataza. Nilimwambia wewe hutakubali."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza, akakaa polepole. Alikuwa hana hasira, na heri angekuwa nayo.

"Uliniuliza lini?"

Nje jirani alikuwa akimwita mtu kwa sauti kubwa, akajibiwa. Bi Funguo alisimama palepale, mikono yake bado ina rangi nyeupe kwenye kucha.

"Basi mabasi yana njia zake," mama mkwe alisema, akijikaza, akiinuka tena kutafuta mtandio. "Dunia si kubwa hivyo. Tutatuma mtu amfuate, tutaulizia kituoni. Kakuambia anakwenda mji gani?"

"Sijui, mama," alisema. "Sikumuuliza."